Bunduki au bastola? Ubishi wa walenga shabaha na mlango ulio wazi kwa kanda yetu

Mwishoni mwa Julai 2024 picha moja ilienea kwenye simu za watu karibu kila pembe ya dunia. Ilimwonyesha Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye umri wa miaka 51, akiwania medali ya Olimpiki mjini Châteauroux, Ufaransa. Alikuwa amevaa fulana na miwani ya kawaida. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni na mwingine umenyoosha bastola, kama mtu anayesubiri basi. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha, na dhahabu ikaenda kwa Serbia.

Wengi walidhani yale ni maringo. Wanaoujua mchezo wenyewe hawakushangazwa na ule mkono. Bastola ya mashindano hushikwa kwa mkono mmoja tu, na mkono usio na kazi ukiachwa uning'inie, bega nalo huyumba. Ukiingia mfukoni, au ukishika mkanda, mwili hutulia. Karibu kila mpiga bastola hufanya hivyo. Kilichomtofautisha Dikeç ni kwamba hakuvaa vile vioo maalumu wala kizibo cha jicho kama wapinzani wake, na alilenga macho yote mawili yakiwa wazi.

Nyuma ya picha hiyo kuna ubishi wa siku nyingi ambao husikika popote wapenzi wa mchezo huu wanapokaa pamoja: ipi ni bora, bunduki au bastola? Na katika bunduki na bastola zenyewe, ni ya nani? Makala haya yanaufuata ubishi huo, kwa sababu ndani yake mna jambo linaloihusu kanda yetu.

Anayependa bunduki huanza na usahihi. Katika shindano la bunduki ya upepo la mita 10, kitovu cha shabaha chenye alama 10 ni kidoti cha nusu milimita, kidogo kuliko kichwa cha pini. Kidonge cha risasi kinachopigwa kina upana wa milimita 4.5, kwa hiyo kikitua sawasawa hukifunika kidoti chote. Mashine huhesabu hadi sehemu ya kumi ya alama, na pigo kamili kabisa ni 10.9. Mchezaji hupiga mara 60 akiwa amesimama, na katika mashindano makubwa tofauti ya anayeingia fainali na anayebaki nje huwa sehemu chache tu za alama.

Kwa hiyo bunduki hizi hutengenezwa kama vifaa vya maabara. Kitako hurefushwa na kufupishwa. Kipande cha kulaza shavu hupandishwa na kushushwa. Darubini hairuhusiwi: mchezaji huchungulia katika tundu dogo la nyuma na kuiweka shabaha katikati ya duara la mbele. Bunduki yenyewe isizidi kilo 5.5. Mchezaji huvaa koti na suruali ngumu za turubai na ngozi zinazomsaidia mgongo, na waamuzi hupima unene na ugumu wa mavazi hayo ili lisigeuke gipsi.

Majina yanayotajwa zaidi hapa yanatoka Ujerumani: Feinwerkbau wa Oberndorf, na Walther na Anschütz wa Ulm. Anschütz ilianzishwa mwaka 1856 katika eneo la Thuringia na ikaanza upya Ulm baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa bunduki ya mita 50, inayotumia risasi ndogo ya baruti ya milimita 5.6, jina la Anschütz huheshimiwa kama vile mafundi wa magari wanavyoheshimu injini fulani ya zamani isiyokufa. Mwenye Walther atakwambia yake ni rahisi kuirekebisha. Mwenye Feinwerkbau atakujibu kwamba yake haitikisiki inapofyatuka. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Mpenzi wa bastola husikiliza hayo yote kisha huuliza swali moja: ukivuliwa koti lile, utabaki na nini?

Bastola haina kitako cha kuegemeza begani, na haina koti. Kuna mkono ulionyooshwa, kifaa kisichozidi kilo 1.5, na mapigo ya moyo. Kitovu cha shabaha ya bastola ya upepo, pia mita 10, ni kikubwa zaidi: milimita 11.5. Hata hivyo mkono wa mwanadamu hautulii kamwe. Mpiga bastola mzuri hangoji utulivu usiokuja. Hukubali kwamba bastola inacheza kidogo, hukaza jicho kwenye kilengeo cha mbele, huiacha shabaha ionekane kama ukungu, kisha huvuta kifyatuo polepole bila kuushtua mkono.

Hapo kwenye kifyatuo ndipo pande mbili zinapoachana kabisa. Kwa bunduki, sheria haiweki uzito wa chini wa kifyatuo, na wengi hukilegeza hadi chini ya gramu 100, mguso tu wa kidole. Kwa bastola ya upepo kifyatuo lazima kihimili gramu 500, na kwa bastola ya mita 25 kilo nzima. Ukivuta kilo moja kwa kidole kimoja huku umeshika kitu chenye uzito wa kilo moja na zaidi kidogo, kosa lolote la kidole linaonekana kwenye shabaha.

Kwa bastola za upepo, majina ni Steyr ya Austria, Morini ya Uswisi, pamoja na Walther na Feinwerkbau tena. Ubishi mkubwa ni kati ya kifyatuo cha chuma na cha umeme. Cha umeme kinachotumia betri ni laini na hakibadiliki, pigo la kwanza na la sitini ni sawa. Wanaokipinga hukumbusha yaliyompata Manu Bhaker wa India katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Bastola yake ilipata hitilafu katikati ya raundi ya mchujo, akapoteza dakika nyingi, na akakosa fainali. Miaka mitatu baadaye, Ufaransa, alirudi nyumbani na medali mbili za shaba.

Kwa bastola ya mita 25, Pardini ya Italia na Walther GSP hujulikana kwa kuweka magazini mbele ya kifyatuo badala ya ndani ya mpini. Sababu ni kwamba mtutu hukaa chini, karibu na mstari wa mkono, na bastola hairuki sana inapofyatuka. Katika shindano la kupiga haraka jambo hilo ni kubwa. Mchezaji ana shabaha tano mbele yake na anatakiwa kuzipiga zote kwa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Hata hivyo wapo wanaoshikilia Hämmerli 208 ya zamani yenye magazini ndani ya mpini, na hawataki kusikia lingine.

Ukiwasikiliza kwa muda mrefu, utagundua kwamba wakongwe wa pande zote mbili wanakubaliana katika mambo ambayo wageni hawayaulizi.

Kwanza, kifaa lazima kimkae mtu. Mpini wa bastola hununuliwa kwa kipimo, lakini wengi huuchonga tena nyumbani kwa tupa na msasa, au huujaza kwa unga wa mbao pale panapoacha nafasi, hadi mkono uingie mahali pale pale kila mara. Bunduki ya bei kubwa isiyomkaa mtu hushindwa na ya zamani iliyorekebishwa vizuri.

Pili, kila mtutu una chakula chake. Vidonge vya aina moja kutoka visanduku viwili tofauti vinaweza kutua tofauti. Ndiyo maana wachezaji wa juu huibana bunduki kwenye jiliwa, hupiga vidonge vya kila kisanduku kwenye karatasi, kisha hununua vingi vya kile kilichokusanyika pamoja. Vidonge hivyo vina kichwa bapa ili vikate tundu safi la duara. Vingi ni vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo mikono huoshwa kabla ya kugusa chakula.

Tatu, mazoezi mengi hufanywa bila kupiga kitu. Mchezaji huhakikisha kifaa ni kitupu, husimama mbele ya ukuta, hulenga na kuvuta kifyatuo. Zoezi hilo halina gharama na ndilo linalojenga mkono.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono lenye kasoro liliuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kupigia bastola. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1948 jijini London alishinda dhahabu ya bastola ya kupiga haraka, na mwaka 1952 huko Helsinki akaishinda tena.

Mwingine ni Margaret Murdock wa Marekani. Mwaka 1976 mjini Montreal, wanawake na wanaume wakishindana pamoja, alilingana alama na Mmarekani mwenzake Lanny Bassham katika bunduki ya mita 50. Dhahabu alipewa Bassham kwa kuangalia alama za mwisho, lakini alimvuta mwenzake wakasimama pamoja kwenye ngazi ya juu. Ni michezo michache ambayo mwanamke na mwanamume wanaweza kulingana hivyo.

Sasa turudi kwetu. Katika kanda hii neno bunduki halituletei picha ya michezo. Kwa mtu wa Turkana, Pokot au Karamoja linaleta ng'ombe walioporwa. Kwa mtu wa Kivu linaleta kijiji kilichohamwa usiku. Rwanda na Burundi zina kumbukumbu zake. Ndiyo maana tarehe 21 Aprili 2004 nchi zetu, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Pamoja na mengine, itifaki hiyo inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za rashasha wala zile zinazojipakia zenyewe kila risasi inapotoka.

Mlenga shabaha hana sababu ya kuipinga itifaki hiyo. Bunduki zake za Olimpiki, ya upepo na ya mita 50, hupakiwa kidonge au risasi moja, hupigwa, kisha hupakiwa tena kwa mkono. Bastola ya mita 25 ni jambo jingine: hiyo ni silaha kamili, na mwenye kuitaka lazima apite kwenye leseni, ukaguzi na kabati la chuma. Nchini Kenya wapo wenye leseni wanaoshindana kwa bastola za kawaida, wakitembea na kupiga shabaha nyingi kwa saa. Ni mchezo halali, lakini gharama na masharti yake yanawaacha nje vijana wengi.

Mlango ulio wazi zaidi ni ule wa upepo. Ukumbi wa mita 10 unaingia katika darasa refu au bwalo la shule, bila baruti wala mlio wa kuwashtua majirani. India ilipita hapo. Abhinav Bindra alipoipatia nchi hiyo dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja katika Olimpiki, Beijing mwaka 2008, alikuwa ameshika bunduki ya upepo ya mita 10. Leo vijana wa India wamejaa kwenye fainali za dunia.

Hata suala la vifaa si gumu kama linavyoonekana. Bunduki za kisasa hutumia silinda ya hewa inayojazwa hadi kipimo cha bar 200, kiasi kile kile cha mitungi ya wazamiaji. Mombasa na Zanzibar, wanakopelekwa watalii kuzamia, hewa hiyo ipo. Bara, klabu inaweza kuanza na bunduki za zamani zinazokokwa kwa mkono, ambazo hazihitaji mtungi wowote. Anayenunua silinda iliyotumika aangalie tarehe iliyogongwa juu yake, kwani kwa kawaida muda wake ni miaka 10.

Vikwazo viwili vinabaki. Kimoja ni mipaka. Mkenya anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini bunduki yake ya michezo haina kitambulisho hicho. Sheria zinatofautiana kuhusu hata bunduki ya upepo, na asiyeuliza polisi wa pande zote mbili kabla ya safari anaweza kuimalizia forodhani. Kama nchi zetu ziliweza kukubaliana jinsi ya kuzizuia silaha haramu, zinaweza pia kukubaliana juu ya kibali kimoja cha muda kwa vifaa vya mashindano, chenye namba ya kifaa na tarehe ya kurudi.

Cha pili ni kwamba jukwaa linapungua. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliacha kulenga shabaha huko Birmingham mwaka 2022, na Glasgow 2026 imepangiwa michezo 10 tu, huu haumo. Kwa nchi zetu nyingi lile lilikuwa shindano kubwa lililo karibu kufikika. Tukingoja tualikwe kwingine, tutangoja sana. Shindano la mita 10 kati ya shule za nchi jirani halihitaji mwaliko wa mtu.

Na ubishi wa bunduki na bastola? Makocha wengi humpa anayeanza zote mbili, bila kumwambia ipi ni bora. Anayefurahia kupanga kila kitu kwa milimita hubaki na bunduki. Anayeweza kuvumilia mkono unaotetema bila kukasirika hubaki na bastola. Kanuni ya kwanza kwa wote ni ile ile, na hufundishwa kabla ya kitu kingine: mtutu huelekea kwenye shabaha, kidole hukaa nje ya kifyatuo hadi wakati wa kupiga, na anayemaliza huweka bendera ya usalama kwenye chemba ili kila mtu aone kifaa ni kitupu. Mtoto wa kanda hii akijifunza hilo kabla ya kujifunza kupiga, atakuwa amejua kuhusu bunduki jambo ambalo watu wazima wengi hawakupata wa kuwafundisha.