JE, SOYA INADHURU?



Asubuhi moja nilipeleka mahindi mashineni huku Mbagala. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja kijana, amebeba mtoto mgongoni. Ndani ya ndoo yake kulikuwa na vifuko sita. Kimoja cha mahindi, kimoja cha ulezi, kimoja cha mchele, kimoja cha ngano, kimoja cha karanga na kimoja cha soya. Alitaka vyote visagwe pamoja viwe unga wa lishe wa mtoto.

Bibi mmoja alichungulia ile ndoo. Akasema, "Mwanangu, hiyo soya itoe. Mjukuu wangu alikunywa uji wa soya akaharisha siku tatu."

Mzee mmoja naye akadakia, "Na kwetu sisi wanaume ndiyo mbaya kabisa. Inamaliza nguvu." Watu wakacheka.

Yule mama hakucheka. Alisema, "Shikamooni wazee wangu. Kliniki wameniambia uzito wa mtoto haupandi, nimpe uji wa lishe. Sasa hapa naambiwa nitamdhuru. Nimsikilize nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nikamwuliza jambo moja tu. "Mama, hiyo soya umeichemsha?"

Akanitazama. "Kuichemsha? Nimeinunua sokoni, nikaiosha, nikaianika. Si inakwenda kusagwa?"

Basi hapo ndipo penye tatizo.

SOYA NI CHAKULA GANI?

Soya ni jamii ya maharage na kunde. Wachina wameila kwa maelfu ya miaka. Kwetu ililetwa na Wajerumani mwaka 1907, wakaipanda kwenye shamba lao la utafiti kule Amani, katika milima ya Usambara, Tanga. Leo inalimwa sana mikoa ya Ruvuma na Mbeya. Hapa Dar es Salaam unaikuta masokoni, kama Tandale na Tandika, inapimwa kwa kopo kama maharage mengine. Wengine wanaikaanga na kuisaga wapate kahawa ya soya. Wengine wananunua ile nyama ya soya iliyokaushwa, wanairoweka na kuiunga kwa nyanya na kitunguu.

Sifa yake kubwa ni kujenga mwili. Mnakumbuka darasani tulifundishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Kitu kinachojenga mwili kinaitwa protini. Ukichukua gramu 100 za mahindi makavu, protini ni kama gramu 9 hivi. Gramu 100 za maharage makavu zina kama gramu 22. Gramu 100 za soya kavu zina kama gramu 36. Tena soya ina mafuta mengi, na mtoto mdogo anahitaji mafuta.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu watoto wetu wengi wanakula uji wa mahindi mtupu au wa mhogo mtupu. Wanashiba lakini hawakui. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, watoto 30 wamedumaa. Aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake, na hata akili yake haikui kama ilivyopasa. Nyama ni ghali. Maziwa ni ghali. Soya si ghali kama hivyo. Kwa hiyo mtu akimtisha mama aache soya bila sababu ya kweli, anamnyang'anya mtoto chakula.

SABABU YA KWELI IPO, LAKINI NI KWA SOYA MBICHI

Yule bibi hakusema uongo. Huenda ni kweli mjukuu wake aliharisha kwa soya. Ingawa uji uliolala, au maji machafu, navyo vinaharisha, na mara nyingi ndivyo vyenye kosa.

Hebu tuangalie tumbo linavyofanya kazi. Ukila chakula, tumbo na utumbo hutoa maji maji ya kukisaga chakula kile. Maji hayo hukata protini vipande vidogo vidogo, ndipo mwili uweze kuitumia. Sasa soya mbichi ina kitu ndani yake kinachozuia maji hayo yasifanye kazi. Protini ipo tumboni lakini mwili hauipati. Inapita tu. Matokeo ni tumbo kujaa gesi, kuuma, kuharisha, na mtoto asiongezeke uzito.

Jambo hili si geni. Mwaka 1917 wataalamu wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, waliwalisha panya soya. Waliolishwa soya mbichi hawakukua vizuri. Waliolishwa soya iliyopikwa walikua. Ni soya ile ile. Tofauti ilikuwa moto.

Wafugaji wa kuku wa Kinondoni na Temeke wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi wazazi. Mwulize mfugaji yeyote mzoefu kama anawapa vifaranga soya mbichi. Atakwambia hapana, lazima ikaangwe kwanza, au anunue mashudu yaliyokwisha pita motoni kiwandani. Vifaranga wakila mbichi hudumaa. Mimi naona aibu kidogo kwamba kuku wetu wanapikiwa soya na watoto hawapikiwi.

Mtu atasema, "Lakini uji si unapikwa?" Unapikwa, ndiyo. Lakini mkaa umepanda bei, na akina mama wengi hukoroga uji, ukichemka mara moja wanaepua. Muda huo hautoshi kuivisha soya iliyosagwa mbichi. Ndiyo maana moto uanze kabla ya mashine.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Chagua soya. Toa mawe, takataka, na punje zote zilizooza au zenye ukungu. Ioshe. Chemsha maji mpaka yatokote, ndipo uimimine ndani. Iache ichemke kwa nusu saa. Usiitie kwenye maji baridi ukangoja yapate moto, maana ikiingia katika maji yanayotokota ile harufu yake kali hupungua.

Imwage yale maji. Tia maji baridi, fikicha kwa mikono, maganda yatatoka na kuelea. Yaondoe. Kisha anika soya juani juu ya mkeka au turubai safi, si chini kwenye udongo. Ikauke kabisa, hata ukiing'ata ikatike kwa sauti. Baadaye ikaange kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya kahawia na itoe harufu nzuri. Isiungue. Hapo sasa ipeleke mashineni.

Kipimo chake ni hiki: nafaka vipimo vinne, soya kipimo kimoja. Kama ni kopo, basi makopo manne ya mahindi au ulezi kwa kopo moja la soya. Nafaka ya aina moja inatosha! Huku mjini watu wameshika mtindo wa kuchanganya nafaka saba, nane, wakidhani zikiwa nyingi ndiyo nguvu nyingi. Mahindi, mchele na ngano kazi yao ni karibu moja. Ukizichanganya umeongeza gharama, hujaongeza chakula.

Saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili au tatu, kwa sababu mafuta ya soya huufanya unga ukae vibaya na kunuka. Na uji wenyewe uuache uchemke vizuri, ukikoroga.

Kwa chakula cha familia, roweka soya usiku kucha, mwaga maji yale, kisha ipike kama maharage mpaka ilainike kabisa. Inachukua muda mrefu kuliko maharage. Usiwe na haraka.

JE, INAMALIZA NGUVU ZA KIUME?

Sasa tumrudie yule mzee, maana maneno yake yanasemwa kila kijiwe.

Ndani ya soya kuna kitu kinachofanana kidogo na homoni ya kike. Homoni ni vitu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe ili kuuongoza. Kitu hicho cha soya kinafanana nayo, lakini nguvu yake ni ndogo sana. Hofu ilianzia hapo. Mwaka 2010, na tena mwaka 2021, wataalamu walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume wanaokula soya, wakayalinganisha. Hawakuona homoni ya kiume ikipungua. Na Wachina, kama mnavyojua, hawajaisha.

Lakini nisifiche jambo. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume mmoja wa miaka 60 aliyevimba matiti. Walipomwuliza sana, ikaonekana alikuwa akinywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, akarudi katika hali yake. Lita tatu kila siku! Mtu wa namna hiyo hata angekunywa chai lita tatu tungemwuliza ana nini. Kikombe cha uji au sahani ya soya haina habari hiyo.

Kina mama nao wanauliza juu ya kansa ya matiti. Mwaka 2009 ilitolewa habari ya wanawake zaidi ya 5,000 wa mji wa Shanghai, China, waliokuwa wametibiwa kansa hiyo. Waliokuwa wakila soya zaidi hawakufa zaidi ya wenzao. Walikufa wachache zaidi. Hiyo ni soya ya chakula. Vidonge vya soya vinavyouzwa kama dawa ni jambo lingine, na mgonjwa asivimeze bila kumwuliza daktari.

CHUMVI NA CHUNGWA

Kuna mambo mawili madogo ambayo ni ya kweli. Soya inaweza kuisumbua tezi ya shingo kwa mtu ambaye mwili wake una upungufu wa madini joto. Zamani, miaka ya 1950, watoto wachanga kadhaa wa Marekani waliolishwa maziwa ya soya matupu walipata rovu. Yalipotiwa madini joto, tatizo likaisha. Kwa hiyo nyumbani tumieni chumvi ya pakiti yenye madini joto. Sisi wa pwani tunapenda kununua chumvi ya mashambani, ile ya kupima, kwa kuwa imetoka baharini. Hiyo ikiwa haijatiwa madini joto, haina ya kutosha. Na aliyeandikiwa dawa za tezi ya shingo asile soya wakati anapomeza dawa zake. Amwulize mganga wa zahanati apishanishe kwa saa ngapi.

La pili, soya, kama maharage yote, huzuia kidogo madini ya chuma yasiingie mwilini, nayo madini hayo ndiyo yanayoongeza damu. Dawa yake ni chungwa, embe au ukwaju pamoja na chakula. Chai ingoje kwanza.

MIMI NAOGOPA UKUNGU

Nikiitazama ndoo ya yule mama, kilichonitia hofu zaidi hakikuwa soya. Zilikuwa ni zile karanga. Baadhi zilikuwa zimesinyaa na kugeuka rangi. Karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya huota ukungu, na ukungu ule hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walikula mahindi yenye sumu hiyo. Waliugua maini, na wapatao 20 walikufa. Ikiwa kidogo kidogo haiui mara moja, lakini huharibu ini polepole.

Ubaya wa soya mbichi huondoka kwa moto. Ubaya wa sumukuvu hauondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Ukishausaga ule ukungu, hata macho hayauoni tena. Chagua punje kabla ya kusaga. Mbaya usiwape hata kuku.

Kuna watu wachache ambao soya inawakataa hata ikipikwa vizuri. Wanawashwa, wanavimba midomo, wanatapika au pumzi inabana. Hao waache kabisa, na akibanwa pumzi akimbizwe hospitali. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe soya wala uji wowote. Chake ni ziwa la mama tu. Akitimiza miezi sita aanze uji mwororo, huku anaendelea kunyonya.

Siku ile yule mama alisaga ulezi peke yake. Karanga alizimwaga kwenye kiganja, akaanza kuzichagua hapo hapo foleni. Soya alirudi nayo nyumbani kwenye kifuko chake. Bibi aliniita nilipokuwa natoka. "Umesema ichemke muda gani?"

"Nusu saa, bibi. Tangu maji yatokote."