Unanunua Wapi, na Unalipa Ngapi?

Jana ulituma mutoto kununua mafuta ya kupika. Alienda wapi? Kwa depo, sokoni, ao kwa ligablo ya pembeni? Pengine unasema: "Ni mafuta tu, tofauti iko wapi?" Tofauti iko, na mwisho wa mwezi inaonekana ndani ya sahani ya watoto.

Wengi wetu tulilelewa ndani ya kambi za Gécamines. Wakati ule kulikuwa kantini. Mama alipanga mustari, akapokea bunga, mafuta na samaki, na kampuni ndiyo ilihesabu yote. Lakini mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, mwaka wa 1991 uporaji ukapita ndani ya miji yetu, na kantini zikakauka. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini. Tangu pale, kila nyumba inapaswa kujihesabia yenyewe. Basi tujue namna kila muuzaji anavyotumika.

Depo inapokea mizigo kwa kamyo, mingi ikipitia Kasumbalesa, kwenye mupaka wa Zambia. Inapata faida ndogo kwa kila saki, lakini inauzisha saki nyingi. Haitakufungulia saki ili upate kilo mbili.

Mama wa sokoni ananunua saki kwa depo, anaifungua, anauzisha kwa meka. Faida yake ni meka za mwisho. Kwa hiyo angalia vizuri: meka imejaa mpaka juu? Chini haikubonyea? Uliza bei kwa meza tatu, kisha omba matabisi. Hiyo si haya.

Magazini kubwa inaandika bei juu ya kitu, na hakuna kupatana. Ndani ya bei ile muko pia kodi ya nyumba, umeme na walinzi. Soma tarehe iliyoandikwa kwa kopo mbele ya kulipa.

Ligablo iko karibu na mulango wako. Inafunguka asubuhi mapema, inafunga usiku, inauzisha kidogo kidogo. Tuhesabu kwa mufano. Tuseme bido ya mafuta ya litre 5 ni franka 20,000. Kwa ligablo litre moja inatoa visashe 12 vya franka 500, ni kusema franka 6,000. Litre 5 zinafika franka 30,000. Umelipa franka 10,000 zaidi! Ndugu yule si mwizi: alinunua sashe, anakaa pale siku muzima. Lakini wewe maskini ndiwe unalipa kuliko tajiri.

Tena kuko kaye ya deni. Wakati mimi na bibi yangu tulikuwa wapya ndani ya ndoa, tulichukua bunga, sabuni na sukari kwa butiki moja. "Andika tu, papa, tutalipa mwezi ikiisha." Siku ya mushahara hesabu ilizidi ile tuliyokuwa nayo kichwani. Bibi alisema, "Sukari ile hatukuchukua." Muuzaji akasema, "Iko hapa, imeandikwa." Nani alikosea? Mpaka leo sijui, kwa sababu kaye ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yake. Tulilipa, na mwezi ule hatukununua viatu vya mutoto.

Wazazi, mufanye hivi. Kama unakopa, ukuwe na kaye yako, na muuzaji aandike ndani ya zote mbili siku ileile. Kama mushahara hautoshi kununua saki ao bido, jamaa tatu zinazoaminiana zichange feza, zinunue kwa depo, zigawanye mbele ya macho ya wote.

Na ninyi vijana munaouzisha, kazi yenu ni nzuri. Lakini nabii Amosi, ndani ya sura ya 8, aliwakemea wale waliopunguza kipimo na kuongeza bei juu ya maskini. Meka iliyobonyea, Mungu anaiona.

Leo jioni, kisha chakula, twaa karatasi. Andika kila kitu mulichonunua juma hili, wapi, na kwa bei gani. Mutoto anayejua hesabu ajumlishe. Mutashangaa.