Mpira Ukishatua Ndipo Mchezo Unaanza

Jumapili ya Julai 19, 2009, Tom Watson alisimama kwenye shimo la 18 la Turnberry, pwani ya magharibi ya Uskoti, akiongoza mashindano ya The Open kwa mkwaju mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 59, na nyonga yake moja ilikuwa ya bandia, aliyowekewa miezi tisa tu kabla ya siku ile. Akitumia mikwaju mitatu kutoka pale aliposimama, kombe lingekuwa lake. Alichagua fimbo ya chuma namba 8, akaupiga mpira sawasawa kabisa. Ukaruka ukiilenga bendera, ukatua kwenye griini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, kisha ukaendelea na safari. Ulibiringika hadi ukavuka griini yote na kusimama ukingoni nyuma. Akaurudisha, ukalipita shimo kwa kama mita mbili na nusu. Mpira wa kufunga ukakosa. Stewart Cink, aliyekuwa amekwisha kumaliza, akajikuta amelingana naye, na katika mashimo manne ya nyongeza akamshinda mzee kwa mikwaju sita.

Watson hakuwa amekosea mkono. Alipiga vizuri, ila ardhi ilikuwa ngumu na upepo ulikuwa unausukuma mpira kutoka nyuma. Anayetaka kuifuatilia The Open na kuielewa aanzie hapo. Katika gofu nyingine mpira ukishatua mtazamaji anaweza kugeuka na kumimina chai. Katika The Open mpira ukishatua ndipo mchezo unaanza.

The Open ni moja kati ya mashindano manne makubwa ya gofu ya kulipwa duniani, na ndiyo kongwe kuliko yote. Masters huchezwa kila mwaka Augusta, kwenye uwanja mmoja ule ule. The Open huhama. Tangu ianze imechezwa kwenye viwanja 14 vya Uskoti, Uingereza na Ireland ya Kaskazini, na hakuna hata kimoja kilicho bara. Vyote viko pwani, kwenye ardhi ambayo watu wa gofu huiita linksi: ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuo na mashamba, wenye vilima vidogo vilivyoumbwa na upepo. Ardhi hiyo haikufaa kwa kilimo, kwa hiyo iliachiwa kondoo, sungura na, baadaye, wacheza gofu. Inasemekana mashimo ya mchanga, ambayo sasa huitwa banka, yalianza pale kondoo walipojikunyata kuukwepa upepo na kuchimbua udongo kwa kwato zao.

Mchanga haushiki maji. Mvua ikinyesha, inazama na kupotea, na juu yake huota nyasi nyembamba za jamii ya feskyu zinazovumilia ukame na chumvi. Msomaji wa Nairobi au Limuru ataielewa tofauti hii haraka akikumbuka nyasi za Kikuyu, zile nene zenye vikonyo vinavyotambaa, ambazo zilipata jina lake nyanda za juu za Kenya na kusambaa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Mpira ukiangukia kwenye nyasi za Kikuyu, unashikwa palepale kama uliotupwa kwenye godoro. Ukiangukia kwenye feskyu ya Julai iliyokauka, unadunda na kukimbia kama uliotupwa kwenye sakafu ya saruji. Mchezaji wa linksi hapigi akilenga bendera. Hulenga mahali mpira utakapodunda, na huenda pakawa mita 20 au 30 kabla ya bendera, kisha mengine akauachia mteremko.

Mwaka 2006, Hoylake, karibu na Liverpool, kiangazi kilikuwa kikali na uwanja uligeuka rangi ya kahawia. Tiger Woods, aliyesifika kwa kupiga mbali, aliona kwamba fimbo kubwa ya kuanzia, draiva, ingeupeleka mpira hadi kwenye banka zenyewe. Akaiacha kwenye mfuko. Katika mashimo 72 aliitumia mara moja tu. Mara nyingi alianza na chuma namba 2, akasimamisha mpira kabla ya hatari, kisha akakubali kupiga mkwaju wa pili kutoka mbali kuliko wenzake. Alimaliza akiwa mikwaju 18 chini ya kiwango na kushinda kwa mikwaju miwili. Baba yake alikuwa amefariki Mei ya mwaka ule, na mpira wa mwisho ulipoingia alilia begani kwa kedi wake, mbeba mfuko, mbele ya umati.

Jambo la pili la kuangalia ni upepo, na hapa Kiswahili cha mabaharia kinasaidia. Mzee wa jahazi wa Lamu au Unguja anajua kwamba upepo wa tezi, unaotoka nyuma, na upepo wa omo, unaokuja usoni, ni safari mbili tofauti hata kama njia ni moja. Uwanja wa Royal Troon umepangwa hivyo: mashimo tisa huenda yakifuata ufuo, na tisa hurudi. Siku ya upepo wa kawaida wachezaji huokoa mikwaju wakienda na kuitetea akiba hiyo wakirudi. Ukiona jina limepanda ghafla juu ya jedwali, kabla ya kushangilia uliza kwanza mchezaji amefika shimo la ngapi. Muirfield, upande wa pili wa Uskoti, ni tofauti. Mashimo tisa ya kwanza huzunguka kwa nje yakifuata mwendo wa mishale ya saa, na tisa ya pili huzunguka ndani kinyume chake. Mchezaji hakutani na upepo wa upande mmoja kwa muda mrefu.

Ni hapo Muirfield ambapo Woods alifikia mwisho wa ndoto moja mwaka 2002. Alikuwa amekwisha kushinda Masters na US Open mwaka huo, na watu walianza kuzungumzia kushinda mashindano yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja. Jumamosi mchana dhoruba ilitoka baharini, mvua ya mlalo na baridi ya kuumiza vidole. Waliotoka asubuhi walikuwa wamekwisha kumaliza. Woods alipiga mikwaju 81. Kesho yake hali ya hewa ilitulia, naye akapiga 65 kwenye uwanja ule ule. Ernie Els wa Afrika Kusini ndiye aliyeondoka na kombe.

Kwa sababu hiyo, ratiba ya kuanza ni habari muhimu kuliko inavyoonekana. Wachezaji 156 huingia wakiwa watatu watatu, na kwa kawaida wote huanzia shimo la kwanza. Kundi la kwanza hutoka kabla ya saa moja asubuhi kwa saa za huko, ambayo Dar es Salaam au Mombasa ni karibu saa tatu. Makundi ya mwisho hutoka alasiri. Anayeanza asubuhi Alhamisi huanza mchana Ijumaa, na kinyume chake. Dhoruba ikija Ijumaa mchana, nusu ya wachezaji huikwepa na nusu huibeba. Baada ya siku hizo mbili hufanyika mchujo: 70 wa juu na wanaolingana nao ndio huendelea Jumamosi na Jumapili.

Haya yote yalianza kwa unyenyekevu. Allan Robertson, aliyehesabiwa kuwa mcheza gofu bora wa zama zake, alifariki mwaka 1859, na klabu ya Prestwick ikataka kumpata mrithi wa sifa hiyo. Oktoba 17, 1860, wachezaji wanane walikusanyika. Uwanja ulikuwa na mashimo 12, wakauzunguka mara tatu ndani ya siku moja. Willie Park alimaliza kwa mikwaju 174, miwili pungufu ya Tom Morris, mtunzaji wa uwanja huo. Zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu wenye mapambo ya fedha. Sharti lilisema atakayeushinda mara tatu mfululizo atauchukua moja kwa moja, na mtoto wa Morris, aliyeitwa pia Tom, akafanya hivyo mwaka 1870. Mwaka 1871 hakukuwa na zawadi, hivyo hakukuwa na mashindano. Yaliporudi mwaka 1872 kijana huyo akashinda tena, na baadaye likatengenezwa jagi la fedha lililogharimu pauni 30. Jagi la asili limehifadhiwa St Andrews. Bingwa hupewa nakala yake, akae nayo mwaka mmoja kisha airudishe. Baba mtu, yule aliyezidiwa na Park, alishinda mara ya mwisho mwaka 1867 akiwa na miaka 46, na bado ndiye bingwa mwenye umri mkubwa kuliko wote. Rekodi hiyo ndiyo Watson alikosa kuivunja kwa mita mbili na nusu.

Afrika nayo ina majina yake kwenye jagi. Bobby Locke na Gary Player wa Afrika Kusini walilichukua jumla ya mara saba kati ya 1949 na 1974, kisha Els akalichukua mara mbili na Louis Oosthuizen mara moja. Kenya ina kumbukumbu ya namna nyingine. Mwaka 1978 Mhispania kijana, Seve Ballesteros, alishinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akashinda The Open huko Royal Lytham, akiwa na miaka 22.

Urefu wa uwanja si lazima uwe ndio ugumu wake. Shimo la nane la Royal Troon lina takriban mita 112 tu, na ndilo fupi kuliko yote kwenye viwanja vya mashindano haya. Griini yake ni ndogo hata huitwa stempu ya posta, na pande zake kuna banka zenye kina. Mwaka 1950 Mjerumani wa ridhaa, Hermann Tissies, alitumia mikwaju 15 hapo. Mwaka 1973 Gene Sarazen, mwenye miaka 71, alipiga mkwaju mmoja na mpira ukaingia shimoni. Kesho yake aliuingiza akitokea kwenye banka. Siku mbili, mikwaju mitatu, na hakuwa amegusa fimbo ya griini.

Banka za linksi hazifanani na zile pana za mchanga mweupe zinazoonekana kwenye picha za Marekani. Nyingi ni kama visima. Ukuta wake hujengwa kwa vipande vya nyasi vilivyopangwa kama matofali, na mara nyingi mchezaji hana njia ya mbele. Hulazimika kuutoa mpira pembeni, pengine hata nyuma. Kwenye uwanja wa kale wa St Andrews ziko 112. Woods aliposhinda hapo mwaka 2000 kwa tofauti ya mikwaju minane, hakuingia hata moja kwa siku zote nne.

Maarufu kuliko zote iko kwenye shimo la 17, mbele ya griini nyembamba iliyokaa kimshazari, na nyuma yake kuna barabara na ukuta wa mawe ambavyo ni sehemu ya mchezo. Mwaka 1978, Tommy Nakajima wa Japani alifika griini kwa mikwaju miwili akiwa miongoni mwa wanaoongoza. Aliusukuma mpira taratibu kuelekea shimoni, mteremko ukauvuta kushoto, ukadumbukia kwenye banka. Alitumia mikwaju minne kuutoa na akaandika tisa kwenye kadi yake.

Baada ya hapo mchezaji huvuka daraja dogo la mawe na kulikabili shimo la 18, lililo wazi mbele ya nyumba za mji. Linaonekana jepesi, isipokuwa bonde dogo la nyasi mbele ya griini linaloitwa Bonde la Dhambi. Mwaka 1995 Mwitaliano Costantino Rocca alihitaji kumaliza kwa mikwaju miwili kutoka nje ya griini ili alingane na John Daly, aliyekuwa akisubiri pembeni na mkewe. Rocca akaukwangua mpira vibaya. Uliviringika hatua chache, ukarudi na kulala bondeni. Watu waliokuwa wakimtazama wakafumba macho. Akatoa fimbo ya griini, akaupiga kutoka bondeni umbali wa kama mita 20, mpira ukapanda ukingo, ukapinda, ukaingia. Rocca alianguka kifudifudi kwenye nyasi akizipiga kwa ngumi.

Wakapewa mashimo manne ya kuamua. Walipofika la 17, mpira wa Rocca ulikwenda kwenye banka ile ile iliyomla Nakajima, na alihitaji mikwaju mitatu kutoka humo. Jagi likaandikwa jina la Daly.