Macho Mazima Yasiyoona: Mzazi, Weka Chini Fimbo

Ndugu msomaji, tuseme binti yako wa miaka 10 anarudi kutoka shuleni na kukuambia kuwa haoni maandishi ubaoni. Siku ya pili anapapasa kuta. Unamkimbiza hospitali, anapimwa, kisha daktari anakuambia: macho ya mtoto huyu ni mazima. Hasira inakupanda, kwa kuwa waona umedanganywa, nawe unaishika fimbo. Iweke chini kwanza, tuzungumze.

Hali hii ipo, na waganga wameijua tangu zamani. Katika karne ya 19 Jean-Martin Charcot wa Paris aliichunguza kwa wagonjwa wake, na mwaka 1910 Sigmund Freud wa Vienna aliandika makala juu yake. Moyo ukielemewa na dhiki isiyosemeka, mwili huisema kwa njia yake. Mmoja huumwa na tumbo, mwingine huishiwa nguvu za miguu, na mwingine nuru ya macho humfifia. Huwapata zaidi watoto wa umri wa shule, wasichana kuliko wavulana, na wengi wao hawafanyi makusudi.

Daktari hutambuaje? Huzungusha mbele ya mtoto ngoma yenye mistari myeusi na myeupe. Jicho linaloona huifuata mistari bila hiari. Au humvisha lenzi mbili zinazofutana nguvu, zikawa sawa na kioo kitupu, na mtoto akasoma herufi zilizomshinda. Tena, upana wa kile tunachokiona huongezeka kadiri ya umbali, kama mwanga wa tochi. Kwa mtoto huyu mara nyingi upana hubaki ule ule, kana kwamba anachungulia kwenye bomba.

Lakini usijifanye daktari nyumbani. Ukosefu wa vitamini A, uvimbe ubongoni na baadhi ya magonjwa ya ndani ya jicho huweza kuanza huku jicho likionekana zima kwa nje. Isitoshe, maradhi na dhiki huweza kukaa pamoja katika mwili mmoja. Kwa hiyo mpeleke akapimwe, na umrudishe tena kwa tarehe utakayopangiwa.

Akishathibitishwa kuwa mzima, tiba kubwa ni maneno ya kutuliza. Mwambie kwa upole kuwa macho yake ni salama na kuwa uwezo wa kuona utarudi. Usimcheke, usimwite mwongo, wala usimjaribu kila saa. Mwache aendelee na masomo na michezo. Wengi hupona katika wiki au miezi michache.

Kisha litafute lile linalomlemea. Huenda ni mtihani, wenzake wanaomwonea, mwalimu anayemtisha, msiba, au ugomvi wenu wenyewe usiku mkidhani amelala. Huenda pia kuna mtu mzima anayemchezea mwili naye hathubutu kumtaja. Hapo kunyamaza kwa kuogopa aibu ya ukoo ni kumtupa mtoto. Mficha maradhi kilio humuumbua. Dhiki ikizidi, mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Ndugu mzazi, mtoto aliyefumba njia ya macho huenda ameona jambo lililomzidi kimo. Keti naye, umsikilize.