Kitenzi "table": kuwasilisha au kuweka kando?

Kitenzi cha Kiingereza *table* hubeba maana mbili zinazokinzana. Nchini Uingereza humaanisha kuwasilisha hoja ili ijadiliwe. Nchini Marekani, kuiahirisha au kuiweka kando. Winston Churchill alisimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya neno hilo, ilhali wote walitaka jambo lilelile.

Bunge la Tanzania hufuata maana ya Uingereza, ndiyo maana husemwa "hati zilizowasilishwa mezani". Hivyo, *The motion was tabled* katika gazeti la London ni "Hoja iliwasilishwa". Katika taarifa ya Baraza la Seneti la Marekani ni "Hoja iliwekwa kando". Mfasiri hana budi kubaini kwanza matini imetoka wapi.