Kobalti ya Kolwezi na Haki ya Tabianchi

Haki ya tabianchi ni dai kwamba mzigo wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ugawanywe kwa kuzingatia ni nani aliyechafua anga, ni nani mwenye uwezo wa kulipa na ni nani anayeumia zaidi. Na ingawa kanuni hiyo imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992, mjadala wake umeelemea mno kwenye fedha zinazoahidiwa mikutanoni, huku ardhi yanakochimbwa madini ya nishati mpya ikitajwa kwa kupita tu.

Kobalti, metali inayoipa uthabiti betri ya magari mengi ya umeme, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa takriban asilimia 70 ya uzalishaji wote wa dunia. Mjini Kolwezi, wakazi wa mtaa wa Kasulo walipobaini mwaka 2014 kwamba madini hayo yamo chini ya makazi yao, walichimba mashimo uani na hata ndani ya vyumba, hadi sehemu ya mtaa ilipozungushiwa ukuta na wenyeji wakahamishwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliwezesha mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa dola yenye rasilimali, kupandishwa kutoka asilimia 2 hadi 10 kwa kobalti, na ikaelekeza asilimia 15 ya mapato hayo kwa serikali za mitaa. Hatua njema, lakini sehemu kubwa ya usafishaji hufanyika China, na thamani huongezekea huko.

Ukosefu huo wa haki, kwa kweli, ulitangulia gari la umeme. Tangu miaka ya 1980, waya wa takriban kilomita 1,700 husafirisha umeme wa mabwawa ya Inga hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi, na kwa kuwa umeme huo ni wa mkondo mnyoofu, unaotiririka upande mmoja tu na usioweza kuchotwa njiani bila kituo ghali cha kuugeuza, vijiji vilivyo chini ya nguzo zake havikuunganishwa. Hadi leo, nchi inayoyapatia magari ya dunia kobalti yake ina umeme kwa takriban raia mmoja tu kati ya watano.