Nguzo za Lango la Gede

Wajukuu zangu, mkipanda matatu kutoka Malindi kuelekea Mombasa, mkishapita kilomita 15 hivi mtafika Gede. Shukeni hapo. Si mbali na barabara, ndani ya msitu wa kima na mibuyu, kuna mji wa mawe usio na wenyewe. Leo hatutauzunguka mji mzima. Tusimame langoni tu, mbele ya jumba la mfalme.

Tao la lango limechongoka juu, na pande mbili limebebwa na nguzo za mawe, yaani miimo. Sogeeni karibu, lakini mikono ibaki mifukoni. Pembe za jiwe zimekatwa sawasawa. Sasa tazameni uso wake: mnaona vitundu vidogo vidogo vilivyobanana? Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo wa baharini. Jiwe hili lilikuwa hai!

Kuta za Gede zilijengwa kwa mawe ya nchi kavu. Nayo ni matumbawe, ila ya kale mno, ya enzi ambazo bahari ilifika huku juu. Ni magumu na yana mikwaruzo. Ukiyachonga nakshi, yanamomonyoka. Basi waashi waliyapanga kwa chokaa, wakayafunika kwa lipu.

Miimo, matao na mihrabu vilitaka jiwe jingine. Fundi alingoja siku za bamvua, maji yakipwa sana, akaenda mwambani kukata tumbawe bichi. Likitoka majini ni laini, linakubali shoka na tezo. Likikaa juani na upepo ukalipiga, linakauka na kuwa gumu. Kwa hiyo kazi hailali: jiwe libebwe kilomita kadhaa mpaka mjini, lichongwe lingali bichi. Hapo ndipo fundi alipoonyesha ustadi wake. Nendeni na kwenye msikiti mkuu, mtazame juu ya milango yake. Mmoja umechongwa mkuki.

Haya si ya juzi. Kaburi moja hapo Gede lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wenyeji wakati huo walikula katika bakuli za kutoka China, na mgeni aliyefika jumbani alijua utajiri wa mwenye nyumba kabla hajabisha hodi. Katika karne ya 17 mji ulihamwa, mizizi ikaingia kutani. Serikali iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1927, na kuanzia 1948 mtaalamu James Kirkman aliufukua kwa miaka kumi. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtaniuliza, nguzo ikivunjika si tutakata nyingine? Hatuwezi. Tangu 1968 miamba ya Malindi na Watamu ni hifadhi ya taifa, na kukata matumbawe yake ni marufuku. Ni haki iwe hivyo, maana samaki huzaliana humo, na mwamba ndio unaovunja mawimbi yasile ufuo wetu.

Basi ukimwona mwenzako anatoa msumari aandike jina lake kwenye mwimo, mshike mkono. Jina lina daftari lake. Jiwe la namna hii bahari imeshafunga kulitoa.